Kuku wa Kitaliano (pollo alla cacciatora) bila mvinyo, wapishi wa Tanga inawezekana au najidanganya?

MamaLishe_Chuda

Habari za mihangaiko wadau. Mi napika vyakula vya oda hapa Tanga mjini, pilau, wali wa nazi, samaki wa kupaka, biriani siku ya Ijumaa, kazi yangu ndo hiyo na namshukuru Mungu wateja wapo. Sasa nina mteja mmoja Mtaliano, yuko huku kwenye mradi, mtu mstaarabu na hakopi, kaniambia Jumamosi ya wiki ijayo ana wageni kumi na mbili kwake Raskazone na anataka niwapikie kuku wa kwao wanamwita pollo alla cacciatora. Kanielekeza kwa mdomo tu, ati unamkaanga kuku, unatia kitunguu, karoti, nyanya, majani ya rozimeri, zeituni, halafu glasi ya mvinyo, unaacha kinachemka taratibu, basi. Nikamuuliza vipimo akanambia hata mama yake hapimi.

Mimi kwenye mvinyo ndo nimegoma. Sufuria zangu ndo hizohizo zinazopika maulidi na futari za watu, siwezi, na hao wageni wenyewe nusu ni Waislamu wa ofisini kwake. Nikamwambia kabisa mvinyo hauingii jikoni kwangu, akacheka akasema basi tia unachojua wewe ila usinipikie mchuzi wa biriani ukaniambia ndo wenyewe.

Sasa naomba msaada kwa aliyewahi kupika hiki kitu au hata kukila tu. Badala ya mvinyo natia nini kitakacholeta ladha inayokaribia, kuku nichukue wa kienyeji au broila, nyanya hizi za Mgandini zinatosha au lazima ya kopo, halafu niwaandalie na nini maana wali naona nitakuwa sijafanya kitu. Nimeangalia video kila mtu anapika lake, mmoja kajaza hoho za rangi, mwingine uyoga, mwingine hana hata nyanya, sasa unashika lipi unaacha lipi. Matusi sitaki, ushauri nataka. Naomba kuwasilisha.

Bint_Makorora

Shoga rozimeri usinunue ile iliyokauka ya kwenye kikopo, bei kali afu inanuka kama kabati. Huku Makorora wadada kibao wana mche kwenye ndoo wanachemshia nywele, omba vijiti viwili vitatu vibichi watakupa bure. Uliza tu kama hawajaupulizia dawa ya wadudu. Mengine siyajui nimekaa hapa najifunza.

MpishiMstaafu

Mleta mada umeuliza pazuri. Mimi nimepika kwenye mahoteli kule Malindi, na Malindi Waitaliano wamejaa tangu enzi za San Marco, ule mradi wao wa kurusha roketi kutoka baharini miaka ya 60, kwa hiyo hiki chakula nimekipika mpaka nikakichoka, na kila mpishi Mtaliano aliyekuja alinambia yule aliyemtangulia alikuwa hajui kupika. Ndo maana video zinakuchanganya, hamna pishi moja. Ni chakula cha wawindaji na watu wa mashamba wa Italia ya kati, Toscana na majirani zake, na hata sungura anapikwa hivohivo. Kaskazini wengi wanatia mvinyo mweupe, kusini mwekundu, na Roma ipo ya bila nyanya kabisa, ni thomu, rozimeri, siki na dagaa wa chumvi. Hiyo ya Roma ishike vizuri maana ndo itakayokuokoa.

Hata nyanya usidhani ni ya tangu na tangu. Ilitoka Amerika karne ya 16 na Waitaliano walikaa nayo muda mrefu ndo wakaizoea jikoni. Pellegrino Artusi, yule aliyekusanya mapishi yao akayachapa mwaka 1891, lake ni fupi hata aya moja haijai, kitunguu kikubwa unakiloweka maji baridi zaidi ya nusu saa, unakikausha unakikaanga unakiweka pembeni, kuku anakaangwa kwenye mafuta yaleyale, kitunguu kinarudi, chumvi, pilipili manga, nusu glasi ya mvinyo mwekundu na rojo la nyanya, dakika tano mezani. Karoti hamna, zeituni hamna. Ila kuku wake alikuwa mchanga na laini, usije ukajaribu dakika tano kwa jogoo wa Muheza.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanahangaika na mvinyo wakati chakula hiki kinaharibikia kwenye kukaanga. Kuku mkate vipande, mfupa na ngozi vibaki, mpake chumvi toka usiku au kama huna nafasi basi saa moja kabla, halafu mkaushe kwa kitambaa safi hadi kitambaa kisilowe. Sie huku tuna tabia ya kumwosha kuku na ndimu na kumtupa kwenye mafuta anachuruzika maji, hapo hukaangi, unachemsha. Sufuria iwe pana na nzito, mafuta vijiko vitatu vinne vinatosha, moto wa kati, panga vipande ngozi chini visibanane, na uviache dakika tano sita mpaka vijibandue vyenyewe, ukiona kipande kimeng'ang'ania chini ujue bado. Watu kumi na mbili ni kuku watatu au wanne kutegemea ukubwa, kwa hiyo kaanga kwa mafungu, ukiwajaza wote kwa pamoja watatoa maji na rangi hupati tena.

Ukishawatoa utaona chini ya sufuria kumeganda kahawia. Hiyo ndo mali yako, usioshe. (Ikiwa nyeusi hiyo imeungua, hapo osha tu, ni uchungu.) Punguza mafuta, tia kitunguu, karoti na seleri vimekatwa vidogovidogo, moto mdogo, dakika kumi hivi vilainike bila kuungua, ndo uje thomu na rozimeri vinukie, halafu mimina hicho cha badala ya mvinyo huku unakwangua chini na mwiko mpaka yale magando yote yaachie na kimiminika kipungue nusu. Mvinyo kazi yake ni hiyo, kubandua, kutia ukali kidogo na harufu ya tunda. Siki inabandua na ina ukali, tunda ndo haina. Kwa hiyo kwa kuku mmoja mimi natia siki vijiko vikubwa viwili, robo kikombe ya supu ya kuku, na zabibu kavu kiganja kimoja nimeziloweka maji ya moto kidogo, nikaziponda na kuchuja, nachukua yale maji yake. Inafika karibu sana. Ukwaju usitie, utatoka mchuzi mtamu sana ila wa kwetu. Ndimu kama unaitaka kamulia mwishoni kabisa, ukiichemsha muda mrefu inaanza uchungu.

Baada ya hapo nyanya, kwa kuku mmoja kopo moja la gramu 400 au nyanya tano sita zilizoiva kwelikweli, rudisha kuku ngozi ikiwa juu, funika nusu, moto mdogo. USITIE MAJI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nawajua watu wa kwetu, mchuzi ukipungua tu mkono unaenda kwenye jagi. Nyanya na kuku watatoa maji yao wenyewe. Broila dakika 35 mpaka 45, choma paja penye nene, maji yakitoka meupe bila damu ameiva. Zeituni tia dakika kumi za mwisho. Mchuzi unatakiwa umshike kuku, kuku asiogelee.

Na bizari, tangawizi, pilau masala na vile vipakti vya mchuzi viache kabatini siku hiyo.

NaziKwanza

Mkuu umeeleza vizuri ila hapo mwisho umeniacha, kuku bila bizari wala tangawizi si atanuka shombo? Mi ningeweka bizari nyembamba kijiko kimoja tu, haitajulikana, alafu namalizia na tui zito kikombe, huyo Mtaliano akionja hapandi ndege tena.

MpishiMstaafu

NaziKwanza huyo ni kuku wa nazi na namheshimu sana, namla kila nikipata nafasi, ila kumpelekea mtu aliyeagiza cacciatora ni sawa na mtu akuagize samaki wa kupaka umletee wa kukaanga, samaki ni samaki lakini sicho alicholipia. Na bizari itajulikana, hata mwenye mafua ataijua. Shombo linakwisha kwa chumvi ya usiku kucha na kukaangwa mpaka rangi, we jaribu hata kwa huyo wa nazi uone.

Ustadhi_Ngamiani

Assalam alaykum. Dada umefanya vyema kusimama na lako na huyo bwana naye muungwana kukuelewa. Naongeza moja tu kwa sababu kuna watakaokuja hapa kusema mvinyo ukichemka pombe yote inaruka na moshi. Si kweli. Wizara ya kilimo ya Marekani wana jedwali lao la hesabu hizo, chakula kilichochemka nusu saa kinabaki na kama asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, na hata masaa mawili na nusu jikoni bado inabaki kama asilimia 5. Kwa hiyo mtu asikudanganye "tia tu inaisha".

Siki ni kitoweo kilichosifiwa kwenye hadithi, usiwe na wasiwasi nayo. Ila siki iliyotokana na mvinyo wapo wanaojizuia nayo, na kwa kuwa wageni ni mchanganyiko chukua ya tufaha au hii nyeupe ya kawaida ya dukani, na hii nyeupe ni kali so ipunguze kwa maji kabla hujamimina. Na kuku achinjwe na unayemwamini, hujalitaja ila najua unalijua.

Mtu_wa_Soni

Naomba niitetee mali ya milimani kidogo. Nyanya zetu zinazoshuka Tanga hazina shida, shida ni kwamba zinachumwa mbichimbichi ili zivumilie safari kwenye matenga, sasa mtu anazinunua asubuhi anazipika mchana afu anasema za Lushoto zina maji. Nunua siku tatu nne kabla, zitandaze kivulini zisipandane, friji usiweke kabisa inaua ladha. Zikiiva mpaka zinabonyea ndo zitumbukize maji ya moto dakika moja, zimenye, kamua mbegu na maji yake, katakata. Blenda sishauri, ukisaga na mbegu na ganda inatoka povu la pinki na ukakasi juu. Kama mvua imenyesha sana wiki hiyo na nyanya ni maji matupu, chukua kijiko cha ile nzito ya kikopo uikaange na kitunguu mpaka ibadilike rangi iwe kama matofali hivi, ndo uweke fresh. Wala sio dhambi, hata wao wanatumia.

Seleri ipo, tunalima, ila inauzwa kwa wenye mahoteli so kawahi asubuhi kwa wale kina mama wa mboga za milimani pale sokoni uwaulize, saa nne huipati. Ukikosa shina hata majani machache yanafaa. Hoho ni hiari yako, Waitaliano waliohamia Marekani ndo wanazijaza, ni tamu ila ukizidisha unakula hoho. Uyoga pia hivohivo.

Mvinyo upo hata huku kwetu, wamisionari wa Sakharani wanatengeneza, ila naona sio wa uzi huu, napita.

KijanaWaBandari

MpishiMstaafu hapo kwa dagaa wa chumvi wa Roma nimesimama. Je uono wetu hauwezi kukaa pale? Maana uono mtu anao ndani tayari.

Bint_Makorora

Hahahaa mama mkwe akiona uono kwenye kuku ananirudisha kwetu na begi langu

MpishiMstaafu

Kijana umeuliza swali la maana kuliko unavyodhani. Uono na wale wao wa chumvi ni jamii moja ya samaki, tofauti iko kwenye kuhifadhi. Wao wanawalaza kwenye chumvi miezi mpaka nyama inalainika, ukimtia kwenye mafuta ya moto anayeyuka hata humwoni tena, kinabaki kitu cha chumvi kitamu ambacho mlaji hawezi kusema ni samaki. Wetu wamekaushwa juani, hawayeyuki, wanabaki wagumu na harufu yao ndo ileile. Kama unataka kujaribu nyumbani chukua uono watatu kwa kuku mmoja, toa vichwa na matumbo, suuza mchanga, kausha, saga unga kabisa, ukaange na thomu robo dakika. Utashangaa. Ila kwa oda ya mtu anayelipa, na wageni ambao hujui nani ana aleji na samaki, dada acha. Hiyo ni ya jikoni kwako.

MamaLishe_Chuda

Jamani nimeshukuru mpaka nimekosa maneno. Jana nimejaribu kwa broila mmoja na watoto wakiwa majaribio, nimefanya vilevile, nimekausha na kitambaa (mume wangu akauliza unampaka kuku poda?), nikatia siki ya tufaha na maji ya zabibu. Pale siki inapoingia inapanda harufu ya kukukohoza, nikasema hapa nimeshaharibu, lakini baada ya dakika mbili tatu ikakatika ikabaki harufu nzuri ya rozimeri na kitunguu. Maji sikutia ingawa mkono uliniwasha. Mchuzi umetoka mzito mwekundu unang'aa. Watoto wamekula na chapati wakamaliza, mzee mwenyewe kala na pilipili mbuzi pembeni kasema ni tamu ila "hakijachangamka", ndo alivyo, huyo hata uji anautafutia pilipili.

Sasa nimebakiwa na mambo. Mteja nimempigia anasema anapenda wa kienyeji, ati broila hana ladha, na mi naogopa wageni waje wapambane na mifupa. Zeituni nimeona kichupa kidogo bei yake unapata nusu ya kuku, hivi zina umuhimu kiasi gani? Na mafuta ya zeituni je, maana kuna vile vichupa vya kujipakia vinauzwa kila duka la dawa, ndo yaleyale? Halafu mezani bado sijaamua, kuna mtu kanambia tambi.

NaziKwanza

Tambi ni za sukari na iliki na nazi na zabibu juu, kula na mchuzi wa kuku ni kuzionea

MpishiMstaafu

Kienyeji atafaa tena atapita, ila umri ndo kila kitu. Mwambie muuzaji unataka mtetea au jogoo mchanga ambaye hajaanza kuwika vizuri, gusa ncha ya mfupa wa kidari, ikiwa bado laini inapinda chukua, ikiwa ngumu kama msumari huyo ana historia ndefu. Akiwa mchanga fanya vilevile ila mpe saa moja na robo mpaka saa moja na nusu kwenye nyanya, moto mdogo kabisa, hapo nakuruhusu kuongeza supu kidogokidogo kwa sababu muda ni mrefu, maji matupu bado nakataa. Akiwa mkubwa mchemshe kwanza na chumvi, kitunguu na jani la seleri mpaka alegee nusu, mtoe, akauke kabisa apoe, ndo umkaange kwa rangi halafu uendelee. Ile supu ndo utakayopunguzia siki na kuongezea mchuzi, hakuna kinachomwagwa. Presha kuka unaweza kutumia kwa huko kuchemsha, dakika 20 zinatosha, ila usimpike wote humo na nyanya, mchuzi unatoka mwepesi na mboga zinapotea.

Usichanganye kienyeji na broila sufuria moja, mmoja atakuwa uji mwingine bado anasubiri.

Zeituni kwa kweli unaweza kuziacha, Artusi kaziacha na watu wanamsoma mpaka leo. Lakini kwa kuwa mteja wako kazitaja kwa mdomo wake basi kwao wanatia, nunua, umpigie kwenye bei. Chukua nyeusi au kijani zenye kokwa, zina ladha zaidi, zisuuze chumvi, na waambie wageni kuna kokwa mtu asivunje jino. Ukitia zeituni chumvi ya mchuzi onja upya, usitie yote mwanzo.

Mafuta ya vichupa vya kujipaka achana nayo, mengine yametiwa manukato na hayakutengenezwa kwa kuliwa. Kaangia alizeti tu, na ukipata chupa ya zeituni ya kula nyunyizia mwishoni kijiko kimoja juu ya sinia. Hata Artusi anakubali lardo, mafuta ya nguruwe, sembuse alizeti. (Hilo la nguruwe sio ushauri Ustadhi nimetaja historia tu.)

Ustadhi_Ngamiani

Nimekuona mzee, endelea.

Dada_wa_Pangani

Kwenye cha kulia nina la kusema maana nimeishi Brescia, nalea mzee wa watu, na mwenye nyumba alikuwa akipika hiki kitu jumapili za baridi. Tambi hawakuwahi kula nayo hata siku moja, tambi kwao ni chakula peke yake kinakuja kwanza, kinaliwa kinaisha, ndo inakuja nyama. Hii kumwagia kuku juu ya tambi ni mambo ya Wamarekani. Wao kule kaskazini cacciatora inakaa na polenta, na polenta dada yangu ni UGALI. Ni unga wa mahindi tu. Siku ya kwanza nilipoona sufuria na mwiko nilicheka peke yangu jikoni, nimepanda ndege mbili kuja kusonga ugali.

Tofauti yake unga wao ni wa njano na ni wa chengachenga, na hausongwi ukakaza, unabaki laini unamwagwa kwenye sahani kama bokoboko, mchuzi unapigwa katikati. Kipimo kikombe kimoja cha unga kwa maji vikombe vinne mpaka vitano, chumvi, maji yakichemka unamimina unga kama mvua huku unakoroga yasifanye madonge, halafu moto mdogo dakika 40 unakorogakoroga. Dakika 40 ndo watu wa kwetu wanashindwa, wanataka ugali wa dakika kumi. Ukiupika muda wote huo ule uchenga unalainika na utamu wa mahindi unatoka. Mwisho kipande cha siagi.

Unga wa njano ukitaka peleka mahindi ya bisi mashineni wakusagie chenga, usiwaache wakakoboa. Ila usihangaike sana, hata Veneto wana polenta nyeupe, kwa hiyo dona safi la kusaga chenga litapita na wala hatakulaumu. Na weka mikate mezani, boflo la kawaida au mkate wa mofa ukiupata wa moto, mchuzi ukibaki kwenye sahani wao wanaufuta na mkate mpaka sahani inakuwa kama imeoshwa, sio aibu kwao, ndo sifa kwa mpishi.

KijanaWaBandari

Ugali wa njano bibi yangu akiuona anakumbuka foleni za unga wa Yanga enzi za njaa ile, hagusi hata umpe na kuku mzima

Mtu_wa_Soni

Bibi ni Simba huyo msimlaumu

MamaLishe_Chuda

Dada wa Pangani umenimaliza! Yani ugali! Mi nawaza wali wa namna gani kumbe mtu nimezaliwa na mwiko mkononi. Basi nafanya hiyo polenta ya dona na boflo, na kachumbari kidogo pembeni kwa ajili ya wa kwetu, sijui kama inaruhusiwa lakini ntaiweka bakuli la peke yake.

La mwisho siwasumbui tena, Jumamosi asubuhi nina oda nyingine ya pilau ya shughuli, naweza kumpika huyu kuku Ijumaa usiku nikapasha tu Jumamosi jioni? Au atakuwa makapi?

MpishiMstaafu

Mpike Ijumaa bila wasiwasi, tena vyakula vya aina hii vikilala vinakolea, siki inatulia na rozimeri inaingia kwenye nyama. Ila kwa joto la Tanga usimwache mezani mpaka asubuhi ati kafunikwa. Mtoe kwenye moto akiwa bado hajalegea sana, mgawe kwenye vyombo vipana viwili vitatu apoe haraka, ndani ya masaa mawili awe friji, na kama umeme unakatika huko kwenu mtafutie barafu. Zeituni usizitie Ijumaa. Jumamosi mpashe moto mdogo amefunikwa, dakika 25 hivi mpaka achemke kweli hadi katikati ya nyama sio juu tu, usimkoroge atavunjika, tikisa sufuria. Hapo ndo uweke zeituni, majani mapya ya rozimeri kidogo sana, na kama mchuzi umeganda legeza na supu vijiko viwili vitatu. Kachumbari weka, mbona wao wanakula saladi. Polenta ndo usipike mapema, hiyo ikipoa inakuwa tofali, ianze wakati kuku anapashwa, na tafuta kijana mwenye mkono wa kukoroga maana ya watu kumi na mbili ni sufuria kubwa.